Daraja Lililolala Chumbani

Goma haina mto. Mvua ikinyesha juu ya volkano, maji yanashuka kwa hasira, yanapita katikati ya mji kama jeshi linalokimbia, kisha yanazama ndani ya mawe meusi na hayaonekani tena. Jua likitoka, unapita mahali palepale na viatu vikavu. Hata hivyo, katika miaka ile ya Zaïre, tulikuwa na biro, yaani ofisi, ya madaraja. Ilikuwa na mlango, meza, mkubwa wa biro, na msaidizi wa mkubwa wa biro. Daraja ndilo halikuwepo.

Hatukulalamika. Tulishazoea namna kazi za barabara zilivyolipiwa. Kwanza pesa zilitoka Kinshasa. Kuhusu kutoka, watu wote walikubaliana kwamba zilitoka. Lakini safari ilikuwa ndefu, na pesa ni kama mgeni mwenye ndugu wengi: kila mji zilipopita zililala kwa mtu, na kwetu zikafika kama salamu. Basi biro ikageukia soko, na kila mama mwenye meza akatoa kidogo kwa ajili ya barabara. Halafu Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya wote kwa nguvu. Soko linafungwa, unabeba jembe au ufagio, na unafanya kwa mikono yako kazi uliyokwisha kuilipia. Aliyeuliza kwa nini aliambiwa kwamba anapenda maneno.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi na mke wangu tulipanga nyumba ndogo ya nyuma katika kiwanja cha mjane mmoja, mtaa wa Mapendo, pale njia ya kwenda Murara inapokata avenyu yetu. Mjane huyo alitoka milima ya Masisi. Mume wake alikuwa dereva wa lori la mboga, akafa, akamwachia kiwanja kile na nyumba ya mbao yenye bati, basi. Aliishi kwa kuuza maziwa na jibini ya kwao, vilivyoshuka na malori kutoka Masisi, juu ya meza mbele ya nyumba. Watu walimwita Mama wa Maziwa.

Alikuwa mwanamke hodari wa kila kitu isipokuwa Leta. Leta ndilo jina tulilolitumia kwa serikali, na yeye aliliogopa vibaya. Tangu mume wake azikwe, watu wa biro walikuwa wamemwita mara nyingi kumwuliza kama kiwanja kile ni chake kweli. Sheria ya siku zile ilisema ardhi yote ni ya Leta na sisi tumeazimwa tu. Wengi wetu tuliisikia sheria hiyo kama tunavyosikia mvua ya mbali. Mama wa Maziwa aliisikia juu ya bati lake. Akipoteza kiwanja kile, hakuwa na mahali pengine pa kuweka meza wala kichwa.

Jumamosi moja, katikati ya salongo, shefu wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa wetu, akapanda juu ya jiwe mbele ya meza ya maziwa. Alikuwa mtu wa kimo kidogo na abakosti kubwa, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai, nadhani ilishonwa kwa matumaini.

"Basitwayen!" akaita, yaani wananchi. "Mukubwa anakuja kutoka Kinshasa. Anakuja kuangalia kazi yetu ya barabara."

"Kazi gani?" mtu akauliza nyuma.

"Ile munaanza leo."

Watu wakacheka. Shefu hakucheka. Akaeleza kwamba biro imepata namna mpya ya kutunza mji, namna isiyohitaji pesa.

"Tangu leo, kila mwenye parseli atajibu ile iko mbele ya parseli yake. Trotwari, atajenga. Plaki ya avenyu ikisimama kwake, atachunga. Kilalo ikiwa kwake, ni yeye. Kitu ikipotea, analipa. Akikosa kulipa, Leta inakamata parseli yake."

Mke wangu, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika Jumamosi, akainua mkono. "Shefu, na biro ya madaraja itachunga nini?"

"Mama, biro inachunga biro."

Lakini watu hawakuwa wanamsikiliza tena. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wanageuza shingo kumtazama Mama wa Maziwa. Parseli yake, yaani kiwanja chake, ilikuwa pembeni, kati ya njia mbili, kwa hiyo trotwari, njia za miguu, zilikuwa mbili. Plaki, yaani kibao cha avenyu, ingesimama pale njia zinapokutana, yaani kwake. Na mfereji wa maji ya volkano, ule ambao biro iliuchagua kuwa mto wetu, ulipita mbele ya meza yake, basi kilalo, yaani daraja, kingekuwa kwake pia. Wengine waliangukiwa na mawe machache tu ya kupanga. Yeye aliangukiwa na mji.

Alisimama pale na kikombe cha kupimia maziwa mkononi. "Yote hii ni yangu?" akauliza polepole.

"Hapana, mama," shefu akasema. "Ni ya Leta."

Tulijenga trotwari zake pamoja, yeye, mke wangu na mimi. Mawe hatukununua, volkano ilitupa bure, na sikumbuki ofisi nyingine yoyote ya mji ule iliyotupa kitu bure. Shefu akaagiza yapakwe chokaa ili mgeni ayaone akiwa ndani ya gari. Tukapaka. Mvua ikafua. Tukapaka tena.

Kibao kikaja, kimeandikwa jina la avenyu ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitamka. Sisi tulisema tu "kwa Mama wa Maziwa", na barua zilifika, siku zile barua zilipofika.

Mwishowe likaja daraja. Zilikuwa mbao tatu za mkaratusi, zimepangwa juu ya mfereji. Kabla ya siku hiyo watu walivuka juu ya ubao wa Mama wa Maziwa mwenyewe, wa zamani, mnene, ambao haukumtisha mtu. Shefu aliuondoa kwa sababu ulikuwa aibu mbele ya mgeni. Kwa ajili ya mbao tatu waliitwa wacheza ngoma wa Chama, wamevaa vitenge vyenye uso wa Rais. Utepe ukafungwa, shefu akaukata, akavuka, tukapiga makofi. Halafu akarudi, kwa maana nyumba yake ilikuwa upande wa kwanza, tukapiga makofi tena. Ubao wa katikati ulilia chini yake. Akasema huo ndio mlio wa maendeleo.

Kuanzia hapo Mama wa Maziwa hakulala.

Sababu zilikuwepo. Upande wa Birere mbao za namna hiyo zilikuwa zimekaa muda mfupi juu ya mfereji, kisha zikawa mlango wa choo cha mtu. Mlango ule ulijulikana. Watu walikwenda kuutazama, na bado hakuna aliyeweza kusema neno. Zaidi ya hapo, shefu alikuwa na mdogo wake, kijana mnene aliyekuwa anatafuta mahali pa kufungua baa. Alianza kupita kwetu jioni. Alinunua kikombe cha maziwa, akanywa polepole, huku macho yake yakitembea juu ya ukuta, juu ya bati, juu ya kona.

"Mama, jioni jua linaingiaka upande gani hapa?"

"Juu ya nini unauliza?"

"Nauliza tu. Watu wanapendaka kukaa kwenye kivuli."

Akarudisha kikombe, akavuka mbao tatu, akazipima kwa kisigino. "Uzichunge muzuri, mama. Mbao ya huku inatembeaka."

Jioni ileile tuliona Mama wa Maziwa anafunga meza. Aliingiza chungu cha maziwa, akaingiza jibini, akaingiza kiti. Kisha akainama juu ya mfereji, akashika ubao wa kwanza wa daraja, akauingiza pia. Ukafuata wa pili na wa tatu. Aliziweka chumbani kwake, kando ya kitanda. Kesho yake akaona kibao cha avenyu kinatikisika katika udongo, akaking'oa na nguzo yake, nacho kikalala ndani. Aliyatazama hata mawe ya trotwari, lakini akayahurumia, au alijihurumia mgongo.

Hakufanya hivyo kwa ujanja. Nimesikia watu wakisimulia habari hii kama mchezo wa mwanamke mwerevu, na wananiudhi. Alikuwa na hofu tu, naye akafanya kama mfanyabiashara yeyote anavyofanya na mali atakayolipishwa ikipotea. Asubuhi alipanga bidhaa nje: maziwa, jibini, kibao, daraja. Jioni aliingiza. Akienda misa aliingiza. Akienda kungojea lori la Masisi aliingiza.

Mji wetu ukajifunza kuishi na daraja lenye saa za kazi.

"Hodi, Mama! Tupatie kilalo!"

"Ngoja, sijafunga kitenge."

"Tunachelewa misa!"

"Misa haina miguu, itawangojea."

Jioni moja jirani yetu fundi wa viatu alirudi kutoka kunywa kidogo, akasimama ng'ambo kama mtu aliyesahauliwa na meli. "Mama, miye niko huku!"

"Ulivuka namna gani?"

"Kilalo ilikuwa hapa asubuyi!"

"Sasa ni jioni."

"Basi unilete asubuyi!"

Mama wa Maziwa akatoka na ubao mmoja, kwa maana mtu mmoja, alisema, ubao mmoja unamtosha. Fundi akavuka mikono imenyooshwa, sisi tukimhesabia hatua kwa sauti ili akosee. Watu walianza kumwita mke wangu Waziri wa Madaraja, kwa kuwa mara nyingi ndiye aliyemsaidia kubeba. Kulikuwa na manung'uniko pia. Wengine walisema mbao zile zililipiwa na soko zima, na sasa zinalala kwenye joto la mtu mmoja. Lakini hakuna kati yao aliyejitolea kulala nazo.

Habari ikamfikia shefu. Alikuja asubuhi, abakosti imefungwa hadi kooni, wakati yule mama anatoa ubao wa pili.

"Mama, unafanya nini na daraja ya Leta?"

"Naitoa nje, shefu."

"Daraja haiingiake ndani! Umeona wapi daraja inaingia ndani?"

"Shefu, nisaidie kuelewa. Ikiibiwa, iko ya nani?"

"Yako. Unalipa."

"Na isipoibiwa?"

"Ya Leta."

Akaweka ubao chini, akafuta mikono. "Basi Leta ikuje kuilalia. Miye nitaleta mukeka."

Watu waliosubiri kuvuka walicheka sana, na shefu akamgeukia kila mmoja kwa zamu kuona nani anacheka zaidi. Mimi nilimtazama Mama wa Maziwa. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ameuliza swali la kweli na alikuwa bado anangojea jibu.

Shefu akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Mukubwa akifika na asikute daraja, parseli hii utaiaga. Umesikia?"

"Nimesikia. Na wakiiba usiku kabla hajafika?"

"Utaiaga vilevile."

Hapo nilielewa kwamba mlango ulikuwa umefungwa pande zote mbili, na mdogo wa shefu ndiye aliyekuwa ameshika funguo.

Mgeni wa Kinshasa alikuwa anakuja kila wiki. Tuliambiwa Jumatano, tukapaka chokaa. Ndege haikupata mafuta. Tukaambiwa Jumatatu, tukapaka chokaa. Mawingu yalikaa juu ya uwanja. Soko likatozwa tena, sasa kwa ajili ya chokaa. Wacheza ngoma walipaza sauti mpaka ikawakauka. Mawe yetu ya trotwari yalianza kufanana na mikate. Mwishowe hakuna aliyeamini kwamba mtu huyo alikuwa na mwili.

Ndipo ujumbe ukaja kutoka Kibati, kijiji kilicho kwenye barabara ya kaskazini. Dada mkubwa wa Mama wa Maziwa, yule aliyemlea Masisi na baadaye akaolewa huko Kibati, alikuwa amefariki usiku. Alipokea habari hiyo amesimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alirudi ndani na tukasikia kitu kizito kinaburutwa. Alikuwa anaingiza daraja.

Mbao tatu, kibao na nguzo yake, vyote akavifungia chumbani kwa kufuli. Ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kitenge. Mke wangu alimwambia, "Mama, tuachie ufunguo. Tutatoa na kuingiza sisi."

"Na ikipotea kwenu, watawafukuza nyinyi?"

Tulikuwa wapangaji. Asingeweza kufukuzwa mtu mwingine ila yeye. Akatutolea tu ule ubao wake wa zamani, tuuweke juu ya mfereji ili watu wasimlaani akiwa kwenye kilio, akapanda lori la Rutshuru, linalopita Kibati.

Bila shaka mgeni alikuja kesho yake.

Shefu alifika mbio, jasho limeshaharibu kola. "Ufunguo!"

"Uko Kibati," mke wangu akasema.

"Mutu aende kuuchukua!"

"Aende na nini?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Jipu, lile gari la biro, lilikuwa na mafuta ya kumtembeza mgeni na kumrudisha uwanja wa ndege, hakuna zaidi. Shefu akamtazama fundi wa viatu, ambaye alikuwa na baiskeli. Fundi akatikisa kichwa.

"Shefu, hawajazika. Unataka niingie pale, mbele ya maiti, nimuombe mama mbao? Watafikiri ni za sanduku."

Watu wakaguna. Hapo shefu alijua amefika ukutani. Kwetu mtu aliye kwenye matanga haitwi kwa jambo lolote kabla ya maziko. Mkubwa anaweza kukunyang'anya kiwanja na watu wakanyamaza, lakini akikutoa mbele ya marehemu wako, hata wanaomwogopa watamtemea mate. Shefu alikuwa mtu wetu, alilijua hilo vizuri kuliko hotuba zake zote. Akautoa kwa haraka ule ubao wa zamani, wa aibu, akaurusha nyuma ya nyumba. Kisha akaegemeza bega kwenye mlango wa Mama wa Maziwa, akausukuma kidogo.

"Vunja tu," mke wangu akasema. "Lakini ile inaharibika kwenye parseli, nani anajibu? Mwenye parseli hayuko. Uko weye."

Bega likarudi nyuma. Wakati huohuo tukasikia jipu.

Mgeni alishuka. Kumbe alikuwa na mwili, na mwili wenyewe ulikuwa umechoka. Alivaa miwani myeusi na viatu vinavyong'aa, akasimama kwenye ukingo wa mfereji, akatazama ng'ambo. Trotwari zilikuwa nyeupe kama harusi. Katikati yake kulikuwa na shimo.

"Daraja iko wapi?" akauliza.

Shefu akaanza kunyoosha kola. Ndipo bibi mmoja muuza makaa, ambaye hakujua kwamba kuna jambo la kuficha, akasema kwa sauti ya heshima:

"Mukubwa, daraja iko kwenye matanga."

Mgeni akavua miwani. "Nani amekufa?"

"Dada ya mwenye daraja."

"Mwenye daraja ni nani?" Sasa alimgeukia shefu. "Daraja hii ni ya nani?"

Nilikuwa nimesimama karibu na nilimwona shefu akiipima ile hesabu mbaya. Akisema daraja ni la mama muuza maziwa, mgeni angeuliza pesa zilizotoka Kinshasa zilijenga nini. Akisema ni la Leta, basi mama muuza maziwa hakuwa na deni la kitu chochote, na kartiye nzima ingesikia. Nyuma ya watu niliona mdogo wake amesimama karibu na ukuta wa kiwanja, mkono juu ya ukuta, kama mtu anayetuliza ng'ombe aliyemnunua.

"Ni ya Leta, Mukubwa," shefu akasema. "Mama yule ni mulinzi tu. Sisi ndiye... sisi tulimuweka alinde. Kila jioni anaiingiza ndani, juu ya wezi. Plaki pia. Amefiwa, akaenda na ufunguo."

Mgeni akatazama mlango wenye kufuli. Halafu akaanza kucheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Asubuyi nzima," akasema, "munanitembeza mahali vitu vilikuwa. Hapa palikuwa plaki. Hapa palikuwa taa. Hapa palikuwa daraja, watu walichukua. Huyu mama ni mutu wa kwanza wa Goma mwenye ninajua vitu viko kwake." Akavaa miwani tena. "Asitolewe hapa. Umesikia, shefu? Mulinzi akae na daraja yake. Nikirudi nimkute."

"Ndiyo, Mukubwa."

Kisha akatoa hotuba fupi juu ya ukosefu wa fedha za kutunza madaraja, akiwa amesimama mbele ya daraja lisiloonekana, na watu wa biro wakatikisa vichwa kwa huzuni kubwa. Wacheza ngoma wakacheza. Hakuvuka. Alipanda jipu na mafuta yakamfikisha.

Mdogo wa shefu aliondoa mkono ukutani. Sikumwona tena akinywa maziwa.

Mama wa Maziwa alirudi baada ya maziko, uso umevimba kwa kukosa usingizi, nguo bado na vumbi la barabara. Tulimwambia habari zote hata kabla hajakaa. Alitutazama kama watu wanaomdanganya mgonjwa. Hakugusa kufuli. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, ncha ya kitenge ndani ya ngumi, akasema atangoja kusikia kwa shefu mwenyewe.

Shefu alikuja mchana. Alipita chini, ndani ya mfereji, kwa kuwa juu hapakuwa na kitu, akapanda upande wetu akishika mawe yenye chokaa, mikono ikawa myeupe.

"Pole kwa kilio, mama."

"Asante, shefu."

"Tangu leo weye ni ajenti ya Leta. Mulinzi wa kilalo, plaki na trotwari."

"Na parseli yangu?"

"Mulinzi hatoke mahali pa kazi. Mukubwa alisema."

"Hata mudogo wako akitaka?"

Shefu akakohoa. "Hata yeye."

Mke wangu akaona nafasi. "Na mushahara ya mulinzi, shefu?"

"Itakuwa. Soko litaongeza kidogo. Kila meza itatoa juu ya ulinzi wa kilalo."

"Na meza yake ya maziwa?"

"Meza ni meza."

Kwa hiyo angelipa kidogo kila wiki ili apewe mshahara, na mshahara huo, mimi niliyekuwa mwalimu wa Leta nilijua kabisa ungefika lini. Nilitaka kusema neno la kejeli, nilikuwa nalo tayari. Lakini nilimtazama Mama wa Maziwa nikalimeza.

Hakuwa anasikia habari za mshahara. Alikuwa amebaki kwenye neno la nyuma. "Hatoke," alikuwa anajirudia kwa sauti ndogo. "Mulinzi hatoke." Ngumi yake ikafunguka na kitenge kikaanguka, ufunguo ukagonga jiwe.

"Kule Kibati sikulia," akatuambia. "Wanawake wote walilia. Miye nilikaa pale mbele ya dada yangu, ninafikiri mbao. Ninafikiri, sasa wamevunja mulango. Ninafikiri, sasa wamenifukuza. Shemeji yangu akasema huyu amekuwa mutu wa muji, roho imekauka. Dada yule ndiye alinibeba mugongoni, na miye ninafikiri mbao."

Ndipo akalia. Alilia kama tunavyolia kwetu, kwa sauti nzima, akimwita dada yake na majina ya utotoni, mikono juu ya kichwa. Mke wangu akakaa chini kando yake, akaanza naye. Majirani wa ng'ambo walisikia, wakavua viatu, wakashuka mferejini, wakapanda, wakaingia mmoja mmoja, wakakaa chini. Matanga ya Kibati yakaanza upya Mapendo.

Shefu alibaki amesimama. Cheo kikitolewa, ilikuwa desturi mwenye cheo amshukuru aliyekileta, kwa kitu kidogo, hata kipande cha jibini. Alingoja. Alifuta chokaa mikononi, akakohoa, akangoja tena. Hakuna mtu aliyeinua macho. Mwishowe alivua kofia, kwa ajili ya marehemu au kwa kukata tamaa, akageuka na kushuka tena ndani ya mfereji na abakosti yake.